Minnesota: takwimu zinasema ajira zipo, mbona saa za kazi hazitoshi? Tuelezane U-3 na U-6

#1 Mbeba_Boksi_MN
Habari zenu wakuu.

Kila mwezi redio inatangaza kwamba jimbo letu la Minnesota lina ukosefu wa ajira mdogo kuliko wastani wa Marekani. Mwaka 2022 walifika hadi kutangaza asilimia 1.8, wakasema ndiyo ya chini kabisa tangu waanze kuweka kumbukumbu. Ukisikia hivyo unadhani kila mtu hapa ana kazi na kazi nyingine inamngoja mlangoni.

Sasa nikiangalia watu ninaoishi nao hapa Brooklyn Park, picha ni tofauti. Mmoja anafanya shifti mbili kwa wiki, anatafuta ya tatu hapati. Mwingine ana shahada ya uhasibu, anapanga mizigo ghalani. Wa tatu aliacha kabisa kuomba kazi, yuko nyumbani, akiulizwa anasema anapumzika. Hakuna hata mmoja kati yao anayeitwa "hana kazi" kwenye hiyo takwimu.

Nimesikia kuna kipimo kingine kinaitwa U-6 ambacho ni kipana zaidi. Wanaojua naomba mtufungue macho. Na je, kipo cha jimbo au ni cha nchi nzima tu?

#2 Kapuku_Halisi
Nimeshaweka mkeka hapa. Wataalamu waje.

#3 Dereva_I94
Jibu ni rahisi mkuu. Wanahesabu wale wanaopokea hela ya serikali baada ya kuachishwa kazi. Hapa Minnesota hiyo hela ni wiki 26, zikiisha unafutwa kwenye daftari, basi umeshakuwa "una kazi". Ndiyo maana namba inashuka kila siku.

#4 Takwimu_Mtu
Dereva_I94 hapo sipo na wewe, na hili kosa limeenea sana, acha nilinyooshe. Kiwango cha ukosefu wa ajira hakitokani na wanaodai mafao. Kinatokana na utafiti wa kaya unaoitwa CPS, kaya kama 60,000 nchi nzima kila mwezi. Nyumba ikichaguliwa inaulizwa miezi minne mfululizo, inaachwa miezi minane, halafu inaulizwa tena minne. Maswali yanahusu wiki moja tu, ile yenye tarehe 12 ya mwezi.

Unahesabiwa huna kazi ikiwa wiki ile hukufanya kazi, ungeweza kuanza ukiitwa, na ndani ya wiki nne zilizopita umetafuta kwa vitendo: umetuma maombi, umepiga simu, umekwenda kwenye usaili. Au umesimamishwa kwa muda na mwajiri anategemea kukuita. Huyo hata asipotafuta anahesabiwa. Mafao yako yaliisha lini, hawajali. Kuna watu wengi hawana kazi na hawajawahi kupokea senti.

Kwa upande mwingine, ukifanya kazi ya malipo hata saa moja wiki ile, wewe una ajira. Saa moja tu. Mleta mada, yule jirani yako wa shifti mbili ameingia hapo.

#5 Nesi_wa_Zamu
Saa moja! Ndiyo maana.

Mimi nafanya kwenye nyumba ya wazee. Niliajiriwa kwa saa 40 kwa wiki. Wazee wakapungua, uongozi ukaanza kukata saa. Leo napewa 24, wiki nyingine 16, na ratiba naipata Ijumaa jioni. Siwezi kwenda mahali pengine kusema niko huru Jumatatu, maana Jumatatu yangu siijui mpaka Ijumaa. Kodi ya nyumba haikupunguzwa na mtu. Bima ya afya ya kazini nayo ilikwenda na saa zangu. Halafu mtu aniambie nina ajira kamili.

#6 Takwimu_Mtu
Pole dada. Wewe ndiye hasa ambaye U-6 imewekwa kwa ajili yako. Kuna kundi linaitwa wanaofanya kazi za muda kwa sababu za kiuchumi: umefanya kati ya saa 1 na 34 wiki ile, unataka kazi ya muda kamili na unaweza kuifanya, ila kazi imepungua au hujapata ya muda kamili. Mwaka 2025 nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni nne na nusu. Kwenye U-3, yaani ile namba ya redioni, hawaonekani kwa sababu wana ajira. Kwenye U-6 wanaongezwa.

#7 Mkenya_wa_Park
Wacha niulize bana. Mimi niko na kazi mbili. Moja saa 20 kwa nyumba ya walemavu, ingine 22 kwa duka. Hakuna hata moja ya hizo iko na bima wala likizo. Mimi niko U-6?

#8 Takwimu_Mtu
Hapana. Wanajumlisha saa za kazi zako zote. 42 ni zaidi ya 35, kwa hiyo wewe ni mfanyakazi wa muda kamili. Bima na likizo havimo kwenye kipimo chochote kati ya vile sita, U-1 hadi U-6.

#9 Mkenya_wa_Park
Hiyo si haki hata kidogo. Nalala kwa basi ya kutoka kazi hii nikienda ile, na kwa karatasi mimi ni sawa na mtu wa ofisi.

#10 Mchumi_Kijana
Naomba nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi. Tunachanganya mambo mawili. Takwimu ya ajira inapima kama soko linahitaji watu. Haipimi kama mshahara unatosha. Soko la Minnesota linahitaji watu, kwa miaka kadhaa nafasi zilizo wazi zilikuwa nyingi kuliko watafuta kazi, na ushiriki wa watu kwenye nguvu kazi hapa ni wa juu kuliko majimbo mengi. Ugumu tunaouona ni wa gharama: kodi ya nyumba, chakula, bima ya gari. Mtu mwenye saa 40 naye analia. Kwa hiyo hata mkibadilisha U-3 kuwa U-6, hamtaona kilio hicho.

Halafu marekebisho: ile 1.8 ya 2022 ilikuwa tangazo la awali. Takwimu za majimbo hurekebishwa kila mwaka, na marekebisho yaliipandisha kidogo. Bado ilikuwa ndogo sana, lakini tusiendelee kuishika kama msahafu.

#11 Nesi_wa_Zamu
Mchumi_Kijana, mimi saa 40 nililipa kodi na nikatuma Mbeya. Saa 24 silipi kodi bila kukopa. Tatizo langu ni saa. Mshahara wa saa moja haukushuka hata kidogo, na ungeshuka ningekwambia.

#12 Mwalimu_Nyamira
Nimesoma kuanzia #1. Kuna mtu mmoja kwenye hadithi ya mleta mada ambaye wote mmempita: yule mhasibu anayepanga mizigo.

Mimi nilifundisha kemia sekondari kule nyumbani, darasa la watu hamsini, miaka mingi. Hapa ninawaogesha wazee na kuwapa dawa. Ni kazi ya heshima, nawapenda wale wazee na wao wananiita kwa jina langu. Ila elimu yangu imekaa kabatini. Kuthibitisha vyeti ni pesa, leseni ya ualimu ni pesa na muda, na shule zinaomba uzoefu wa huku. Nafanya saa 40. Kwa U-3 niko sawa, kwa U-6 niko sawa.

Takwimu_Mtu, kuna herufi na namba yangu popote?

#13 Takwimu_Mtu
Mwalimu, haipo. Na nasema hivi kwa uchungu maana baba yangu alikuwa hivyo hivyo. Vipimo vyote sita vinaangalia una kazi au huna, saa ngapi, na umetafuta lini. Hakuna kinachouliza kama kazi uliyonayo inalingana na ulichosomea. Watafiti hujaribu kulipima kwa njia nyingine, kwa kulinganisha elimu ya mtu na elimu inayotakiwa kwenye kazi yake, lakini halimo kwenye U-6.

Ngoja niziweke zote hapa maana naona watu wanauliza faragha. U-1 ni wale ambao hawana kazi kwa wiki 15 au zaidi. U-2 ni waliopoteza kazi au waliomaliza vibarua vya muda. U-3 ndiyo hiyo ya redioni. U-4 inaongeza waliokata tamaa. U-5 inaongeza wengine wote walio ukingoni, yaani wanataka kazi, wanaweza kuanza, wametafuta ndani ya mwaka uliopita ila si ndani ya wiki nne. U-6 inaongeza watu wa saa pungufu kama Nesi. U-1 na U-2 ni nyembamba kuliko ya redioni, hilo watu husahau, wanadhani kila kipimo mbadala kinaongeza.

Historia yake nayo ni nzuri. Julius Shiskin, aliyekuwa kamishna wa BLS, ofisi ya takwimu za kazi ya serikali kuu, ndiye aliyeleta mfululizo huu mwaka 1976, vikiwa vipimo saba. Hoja yake ilikuwa kwamba namba moja haiwezi kumridhisha kila mtu, kwa hiyo wekeni zote mezani mtu achague kulingana na swali lake. Mwaka 1994 utafiti ulifumuliwa upya, na baada yake vikaja hivi sita.

#14 Kapuku_Halisi
Takwimu_Mtu mkeo anajua unajua mambo haya yote? Endelea mkuu, mkeka bado upo.

#15 Mpwapwa_Duluth
Nyie wa Minneapolis mnazungumza kama Minnesota ni nyie tu. Njooni huku kaskazini.

Huku kuna migodi ya chuma, Hibbing, Virginia, Eveleth. Mwaka 2025 mwezi wa tatu walitangaza kusimamisha wachimbaji zaidi ya 600 kwenye migodi miwili kwa sababu madini yalikuwa yamerundikana na magari hayanunuliwi. Ukiwapima kwa jimbo zima ni tone tu, kiwango hakitikisiki. Ukiwa Virginia, kinyozi anakuambia viti vimebaki vitupu, fundi magari anakuambia watu wanaahirisha matengenezo.

Na watu hawa hawakati tamaa haraka. Wanasubiri kuitwa, maana migodi hii imewahi kusimama na kurudi mara nyingi tangu enzi za babu zao. Ukimwambia akatafute kazi Rochester, kusini mwa jimbo, anakuuliza nyumba yake amwachie nani.

#16 Takwimu_Mtu
Hao wanaosubiri kuitwa wamo kwenye U-3 moja kwa moja. Wakipita wiki 15 wanaingia U-1 pia. Kwa hali ya kaskazini U-1 inakueleza zaidi kuliko U-6, kwa sababu shida yao ni urefu wa kusubiri.

#17 Dereva_I94
Sawa, la mafao nimelisikia. Lakini hapo kwa waliokata tamaa bado nina neno. Mjomba wangu ana miaka 61. Alikuwa msimamizi ghalani, ghala likahama. Akaomba, akaomba. Anaitwa kwenye usaili, wakimwona ana mvi wanamwambia watampigia. Sasa haombi tena. Anakaa na wajukuu, na watu wanasema amestaafu. Hajastaafu! Ukimpa kazi kesho asubuhi atafika kabla yako. Mimi nasema hawa ndio wengi kuliko wote, na serikali inawaficha.

#18 Mchumi_Kijana
Hawajafichwa. Jedwali la vipimo vyote sita linaitwa A-15, linatoka siku ileile na takwimu kuu, kila mwezi, bure. Vyombo vya habari ndivyo vinavyosoma mstari mmoja.

Na mjomba wako yumo. Mtu asiyetafuta kwa sababu anaamini waajiri wanamwona mzee anahesabiwa kwenye waliokata tamaa, hiyo ni mojawapo ya sababu zinazokubalika. Kuamini kwamba hakuna kazi, kukosa elimu inayotakiwa, kubaguliwa, zote zimo. Sharti ni awe ametafuta angalau mara moja ndani ya miezi 12.

Tena si wengi kuliko wote. Ukiangalia kutoka U-3 hadi U-4, ongezeko ni sehemu ndogo ya asilimia moja. Mruko mkubwa uko kati ya U-5 na U-6, yaani watu wa saa. Julai 2025 nchi nzima U-3 ilikuwa 4.2 na U-6 ilikuwa 7.9, na sehemu kubwa ya hiyo tofauti ni saa pungufu.

#19 Dereva_I94
Ametafuta ndani ya miezi 12? Yeye amepitisha mwaka na nusu sasa.

#20 Takwimu_Mtu
Basi hayumo tena. Ametoka kwenye U-4, U-5 na U-6 kwa pamoja. Na hapa Dereva ana hoja nzito kuliko Mchumi anavyompa. Kabla ya 1994 sharti la kutafuta ndani ya mwaka halikuwepo. Walipoliweka, idadi ya waliokata tamaa ilishuka karibu nusu. Wale watu hawakupata kazi kwa usiku mmoja. Tafsiri ndiyo iliyobadilika. Wanaoitetea wanasema mtu aliyetafuta mwaka jana ni tofauti na anayesema tu "ningependa". Mjomba wako anaonyesha upande wa pili.

#21 Mama_Khadija_StCloud
Assalaam aleikum. Nimekuwa nasoma kimya, sasa naomba niseme.

Nina watoto watatu, mdogo ana mwaka mmoja. Nilikuwa kiwanda cha kuku zamu ya usiku. Mume wangu akabadilishiwa zamu, hatuna wa kuacha na watoto, nikaacha kazi. Gharama ya kituo cha kulea mtoto mchanga hapa ingekula karibu mshahara wangu wote. Nataka kazi kwa moyo wote. Natafuta kwenye simu kila wanapolala. Lakini mkinipigia sasa hivi mkasema anza Jumatatu, siwezi.

Mimi ni U ngapi?

#22 Takwimu_Mtu
Wa aleikum salaam dada. Umeuliza swali gumu kuliko yote. Wanauliza kama ungeweza kuanza kazi. Ukijibu hapana, hauwi "asiye na kazi" hata kama umetafuta jana, na pia hauwi kwenye kundi la ukingoni. Unawekwa nje ya nguvu kazi. Ungekuwa na wa kukulelea ila umeacha kutafuta kwa sababu ya usafiri au familia, ungeingia U-5.

Kuna mstari mwingine kwenye ripoti, wa watu walio nje ya nguvu kazi wanaosema wanataka kazi sasa. Mwaka 2025 walikuwa kama milioni sita nchi nzima. Kati yao chini ya milioni mbili ndio wanaofikia masharti ya U-5. Waliobaki, mamilioni, wanataka kazi na hawamo kwenye kipimo chochote kati ya sita. Wewe na mjomba wa Dereva mko humo.

#23 Mama_Khadija_StCloud
Milioni nne basi. Nashukuru kwa kunieleza.

#24 Nesi_wa_Zamu
Mama Khadija nimekutumia ujumbe faragha. Kuna mama mmoja St. Cloud analea watoto nyumbani kwake kwa leseni, bei yake ni ya kibinadamu.

#25 Mtoto_wa_Bukavu
Ndugu zangu, niko Lexington, Kentucky, naingia kwenye mazungumzo yenu. Mimi nasema shida inaanzia mlangoni. Nyumba yetu ilichaguliwa kwa utafiti huo. Tulikuwa watu saba, binamu na rafiki. Aliyejibu ni kaka mkubwa, kwa niaba ya wote. Aliulizwa: huyu anafanya kazi? Akajibu ndiyo, anafanya. Saa ngapi? Akasema arobaini. Huyo mtu alikuwa anapata kazi kwa wakala, siku nyingine anaitwa, siku nyingine anarudishwa getini. Kaka hakujua, maana huyo binamu aliona aibu kusema. Kila asubuhi alitoka na begi lake.

Kwa hiyo hata U-6 yenu inategemea nani amefungua mlango.

#26 Mchumi_Kijana
Hili ni kweli, utaratibu unaruhusu mtu mmoja kujibu kwa wote wa kaya. Ongeza na hili: zamani karibu kaya tisa katika kumi zilizochaguliwa zilijibu. Sasa ni chini ya asilimia 70.

#27 Fundi_Paa
Mimi naezeka mapaa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili theluji inapanda, kazi inakatika. Januari yote napata saa kumi, kumi na tano kwa wiki. Kwa hiyo U-6 ya Minnesota lazima ipae kila kipupwe kwa ajili yetu?

#28 Takwimu_Mtu
Inategemea utakavyojibu. Ukisema saa zimepungua kwa sababu wateja hawapo msimu huu, hiyo ni sababu ya kiuchumi, umo. Ukisema hali ya hewa ilituzuia kupanda paani, hiyo haihesabiwi ya kiuchumi, haumo.

Halafu ya jimbo hutaiona ikipaa Januari, kwa sababu sampuli ya jimbo moja ni ndogo mno kwa mwezi. BLS hutoa vipimo sita vya kila jimbo kwa wastani wa robo mwaka nne, pamoja na kaunti ya Los Angeles na jiji la New York. Idara ya ajira ya jimbo letu, DEED, nayo hutoa wastani wa miezi 12 kila mwezi. Kipupwe na kiangazi vimeshachanganywa humo. Mleta mada, hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho: ndiyo, U-6 ya Minnesota ipo, na kwa kawaida U-6 hukaribia mara mbili ya U-3.

#29 Mchumi_Kijana
Nyongeza muhimu ili watu wasije wakagombana bure: U-3 iliyo kwenye jedwali hilo la majimbo inaweza kutofautiana na kiwango rasmi cha jimbo kinachotangazwa redioni. Ile rasmi inatengenezwa kwa modeli inayochanganya utafiti wa kaya na vyanzo vingine, yakiwemo madai ya mafao. Ile ya jedwali ni utafiti mtupu. Kwa hiyo Dereva_I94, mafao yana mkono wao kidogo kwenye namba ya jimbo, kwa njia ya mzunguko. Takwimu_Mtu pale #4 aliongelea ya nchi nzima.

#30 Dereva_I94
Kapuku_Halisi shahidi yangu. Niliposema mafao nilisomewa risala nzima.

#31 Kapuku_Halisi
Ulisema zikiisha wiki 26 mtu anakuwa na kazi. Hiyo bado umekosa. Kaa chini mzee.

#32 Mzalendo_Dodoma
Nyie wenzetu mnalalamikia saa 24. Huku kijana amemaliza chuo, anatembeza bahasha mwaka wa tatu, jioni anauza vocha na maji ya kandoro kituoni. Akiulizwa alifanya kazi wiki iliyopita? Ndiyo, aliuza. Kwa tafsiri ya kimataifa ana ajira. Angalau Tanzania ofisi ya takwimu, NBS, inatumia pia tafsiri ya kitaifa iliyo pana zaidi, inawagusa hata wasiotafuta na wenye vibarua visivyoeleweka. Tulikuwa na akili hiyo kabla ya hizo U zenu kupata umaarufu.

#33 Mwalimu_Nyamira
Na Kenya ofisi ya takwimu, KNBS, huweka kiwango chembamba na kingine kinachoitwa LU3, kinachojumlisha wasio na kazi na wale wanaoweza kuingia sokoni. Hizo LU zinatokana na mkutano wa wanatakwimu wa kazi wa mwaka 2013. Mkutano huohuo ulisema anayelima kwa ajili ya kula kwake tu hahesabiwi tena kuwa na ajira. Mama yangu Nyamira amelima maisha yake yote. Sijui angeipokeaje habari hiyo akiwa na jembe mkononi.

#34 Mkenya_wa_Park
Mwalimu usimwambie mama hivyo, atatufukuza na huo mpini wa jembe.

#35 Mbeba_Boksi_MN
Nimerudi wakuu, nilikuwa zamu. Nawashukuru wote.

Nina swali jingine. DEED naona huwa wanatoa pia kwa rangi, na ya weusi mara nyingi iko juu kuliko ya weupe. Hao weusi ni sisi?

#36 Takwimu_Mtu
Ni wote: aliyezaliwa Minneapolis ambaye babu yake alizaliwa Minneapolis, Mliberia, Msomali, Mkenya, wewe. Swali la utafiti ni rangi. Sampuli ya weusi Minnesota ni ndogo, kwa hiyo hata wastani wa miezi 12 huyumba sana. Ukiona imeruka pointi mbili usikimbilie kuandika uzi.

#37 Mpwapwa_Duluth
Na kumbukeni takwimu zenyewe huwa zinaweza kukosea kabisa. Aprili 2020 wakati wa korona U-3 ilifika 14.8 na U-6 karibu 23. BLS wenyewe walisema watu wengi waliosimamishwa waliandikwa "wana kazi ila hawakuwepo", na kama wangeandikwa sawa kiwango kingekuwa juu kwa karibu pointi tano. Waliandika wazi, hawakuficha, hilo nawapa heshima. Na Oktoba 2025 serikali kuu ilipofungwa, utafiti haukufanyika. Mwezi huo hauna namba. Kwenye ule wastani wa miezi 12 unaousifu Takwimu_Mtu, pana pengo.

#38 Takwimu_Mtu
Lipo, na litabaki. Wiki ile haiwezi kuulizwa tena.

#39 Mchumi_Kijana
Narudi kwenye hoja yangu ya #10 maana naona imemezwa. U-6 ikishuka leo hadi nusu, Mwalimu atabaki anaogesha wazee, Mkenya_wa_Park atabaki na kazi mbili zisizo na bima, na Mama Khadija atabaki hana wa kumlelea. Watatu kati ya waliojieleza humu hawamo kwenye U-6. Mnaipigania namba ambayo haiwabebi.

#40 Nesi_wa_Zamu
Mimi inanibeba. Na mradi kuna mahali serikali inalazimika kuandika kwamba mtu wa saa 24 anayetaka 40 ana upungufu, mimi nataka isomwe redioni pamoja na ile nyingine. Watunga sheria wa jimbo wanasikiliza redio hiyohiyo.

#41 Mwalimu_Nyamira
Nesi ana hoja. Mwaka 2023 jimbo hili lilipitisha sheria ya kuwapa mafao ya kiangazi wafanyakazi wa shule wanaolipwa kwa saa: wapishi, madereva wa basi, wasaidizi wa darasani. Walikuwa hawapati kitu shule zikifungwa. Mtu alihesabu upungufu wao, mwingine akausimamia bungeni.

#42 Mkenya_wa_Park
Shemeji yangu anaendesha basi ya shule Osseo na hajawahi kuomba hiyo kitu! Mwalimu, anaombea wapi, kwa shule ama kwa jimbo?

#43 Mwalimu_Nyamira
Kwa jimbo, tovuti ileile ya mafao ya wasio na kazi. Aombe shule ikifunga, asisubiri Agosti. Na aweke karatasi zake za mshahara karibu.

#44 Dereva_I94
Basi na mjomba naye mumfikirie, miaka 61, anajua ghala lote kwa kichwa, leseni ya foklifti ipo. Mwenye fununu upande wa Shakopee au Eagan aje faragha.